Mafuta ya Udi na Joto la Mwili

Tarehe 30 Aprili 1840, merikebu Sultana ya Sayyid Said bin Sultan ilitia nanga New York ikitokea Zanzibar, na ndani yake mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa zawadi alizoletewa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili, pamoja na lulu, shali za Kashmir, mafuta ya waridi na maji ya waridi. Katiba ya Marekani haikumruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila ya idhini ya Bunge, basi zikafanywa mali ya taifa. Manukato ya kwetu yakaingia Washington kama kitu cha kuhifadhiwa, si cha kujipaka.

Sisi tunaoishi hapa, Maryland na Virginia, mara nyingi twafanya vivyo hivyo. Chupa ya mafuta ya udi aliyotuachia mama imo kabatini, na hatuifungui kwa kuogopa isimalizike. Yafaa tujue nini hasa kimo ndani yake.

Manukato hayana harufu moja. Yamechanganywa vitu vyepesi na vizito, na joto la ngozi ndilo linaloviachanisha. Ndimu na maua mepesi huruka kwanza, kwa dakika chache tu. Kisha hufuata waridi, asumini na karafuu, ambazo hukaa saa kadhaa. Mwisho hubaki vile vizito: udi, sandali, ubani na ambari. Hizi ndizo twaziita harufu za joto, na kwenye kanzu au buibui huweza kudumu siku nyingi. Ngozi za watu nazo hazilingani kwa mafuta wala kwa joto, ndiyo maana mama na binti hupaka chupa moja wakanukia mbalimbali.

Tofauti nyingine ni kile kinachoibeba harufu. Mafundi wa attari wa Kannauj, India, huvukiza maua na kuunasa mvuke wake ndani ya mafuta ya sandali. Mafuta hayana haraka. Hukaa karibu na mwili na kujifungua polepole, na anayeyasikia ni yule aliyekusogelea. Manukato ya kupuliza hubebwa na spiriti, ambayo hukauka upesi na kuitawanya harufu chumba kizima. Hata nyumba ya Amouage, iliyoanzishwa Oman mwaka 1983, iliutumia ubani wa Dhofar katika manukato ya spiriti yaliyotungwa na Mfaransa Guy Robert. Baadhi ya familia zetu huepuka spiriti kwa sababu ya dini, nyingine hutumia vyote viwili.

Hapa Washington majira nayo yana neno lake. Wakati wa joto hewa ni nzito kama ya pwani, na tone moja la udi latosha. Wakati wa baridi hita huikausha ngozi, na harufu hukosa pa kushika. Jipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, kisha utie tone nyuma ya masikio na penye mishipa ya mikono, bila ya kusugua. Na kwa kuwa chetezo katika fleti huamsha kengele ya moshi, kwa wengi wetu mafuta ndiyo njia iliyobaki ya kunukia udi.

Tusidhani kwamba chupa iliyofungwa yabaki kama ilivyokuwa. Hewa iliyomo ndani, mwanga na joto huiharibu kidogo kidogo. Udi na sandali hustahimili miaka mingi, lakini waridi hupungua na ndimu huchacha. Iwekeni penye kiza na ubaridi, lakini siku ya Idi ifungueni, mumpake binti au mjukuu, na mumweleze ni ya nani. Akishaizoea harufu ile juu ya ngozi yake mwenyewe, ataijua hata chupa itakapokwisha.