Mzazi Aliyezeeka na Haja ya Usiku

Liko jambo katika nyumba zetu ambalo kila mtu alijua na hakuna alitajaye. Mzee wa nyumba, ambaye hata juzi ndiye aliyekuwa akiwaamsha wenziwe kwa sala ya Alfajiri, huamka akaona shuka imerowa. Huikunja kimya kimya, akaificha uvunguni, na siku ile hashuki msikitini. Siku ya pili hupunguza maji ya kunywa. Siku ya tatu hukataa kwenda kulala kwa mwanawe wa shamba. Watu wa nyumbani husema, "Mzee kabadilika." Sababu waijua, lakini haya huwazuia wao kusema kama inavyomzuia yeye.

Tumeona vyema kulizungumza jambo hili kwa uwazi na kwa adabu, kwani haya isipowekwa mahala pake huzaa madhara.

Sote twaijua amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratul Israai, aya ya 23 na ya 24, kuwa mzazi akifikia uzee naye yuko kwetu, tusimtolee hata neno dogo la kuonyesha kuchoka naye. Lakini je, twajua neno hilo hututoka wakati gani? Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, katika kuifasiri aya hii alitaja khasa haja ndogo na haja kubwa za mzazi aliyezeeka: kwamba mtoto asimwonee kinyaa, kama wazazi hawakumwonea kinyaa yeye alipokuwa mdogo. Basi amri hii inatuhusu khasa pale tunapoikuta shuka iliyorowa.

Na Bwana Mtume (s.a.w.), bedui alipokojoa ndani ya msikiti na masahaba wakamkaripia, aliwaamrisha wamwache amalize, kisha akaamrisha pamwagiwe ndoo ya maji. Ikiwa mtu mzima asiye na ugonjwa alitendewa upole huo, tena msikitini, atendeweje mzee aliyeshindwa na mwili wake usingizini?

Jambo la pili la kufahamu ni kuwa hili ni ugonjwa wenye sababu zake, na aghlabu lina dawa au nafuu. Kwa wanaume mara nyingi ni tezi dume iliyokua ikaziba njia ya mkojo, hata kibofu kikawa hakimaliziki. Kwa wanawake ni misuli ya chini iliyolegea kwa uzazi na kwa umri. Nayo yako mazoezi ya kuikaza. Kwa wote huweza kuwa maradhi ya sukari, vijidudu vya mkojo, au kufunga choo kwa muda mrefu. Baadhi ya dawa za presha huzidisha mkojo. Lakini mzee asiziache wala asibadili saa zake pasi na kumwuliza daktari. Kwa hiyo apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mnazi Mmoja. Na asicheleweshwe hata siku moja akiona damu katika mkojo, akipata homa, akichanganyikiwa ghafla, au akishindwa kukojoa kabisa.

Namna ya kumwambia nayo ina adabu yake. Mtoto wa kiume azungumze na baba, na wa kike na mama, faraghani, wala si mbele ya wajukuu. Maneno machache yatosha: "Baba, hili huwapata wengi wa umri wako, wala si aibu. Kesho twende pamoja tukamwone daktari."

Ama nyumbani yako mengi ya kufanywa. Mzee asinyimwe maji mchana, kwani mkojo mzito huzidi kukichokoza kibofu, na joto la kwetu lataka maji. Apunguze kunywa saa mbili kabla ya kulala, na kahawa ya barazani baada ya Isha aiache. Ikiwa miguu yake huvimba, alasiri aiinue juu ya mto, kwani maji yale hurudi mwilini anapolala na kukijaza kibofu. Ende chooni kabla ya kulala. Katika Ramadhani, ambapo kula na kunywa huhamia usiku, taabu hii huzidi. Hapo aangaliwe zaidi.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina ngazi kali na vyoo vilivyo mbali na vyumba, na kuanguka gizani ni msiba mkubwa kuliko shuka mia. Mzee ahamishiwe chumba kilicho karibu na choo, awekewe taa na tochi, na chombo cha kukojolea kando ya kitanda. Juu ya godoro litandikwe plastiki, na juu yake kanga kuukuu zilizokunjwa. Akirowa aoshwe, akaushwe vizuri, apakwe mafuta, kwani ngozi yenye majimaji huchubuka ikafanya vidonda. Na udi hauwi badala ya sabuni.

Wazee wengi hujitesa kwa kutojua hukumu ya tahara. Kukojoa usingizini hakuwajibishi josho. Mzee huosha palipoingia najisi, hubadili nguo, hutawadha, akasali; wala hana haja ya kujimwagia maji baridi alfajiri. Ama yule ambaye mkojo humchuruzika bila ya kukatika, hukumu yake yafanana na ya mwanamke wa istihadha, kama Bwana Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Fatima binti Abi Hubaysh. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, hujiosha, hujifunga kitambaa safi, hutawadha baada ya wakati kuingia, na husali bila ya kukawia. Hufanya hivyo kwa kila sala ya faradhi, na kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Asiyeweza kuondoka kitandani atandikiwe msala safi juu yake.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Mara nyingi kazi hii yote huachiwa mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mke wa mtoto. Yeye huamka usiku, hufua, huanika, na mchana hupika. Ndugu zake huja Ijumaa, wakambusu mzee mkono, wakaondoka na radhi. Huo si uadilifu. Wema kwa wazazi ni wajibu wa kila mtoto. Basi na zigawanywe zamu, na asiye na nafasi atoe fedha. Pensheni ya wazee waliotimiza miaka 70, iliyoanzishwa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, ni msaada kwa mzee, wala haimwondolei mtoto dhima yake.

Na mzee akichelea kuuchafua msikiti, asiachwe kusali peke yake chumbani. Wanawe na wajukuu na wamtangulize mbele, wasali nyuma yake. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, sala yao yasihi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwatendea wema wazee wetu, na atupe watoto watakaotutendea sisi. Amin.