Sura ya Sita: Hesabu ya Mahadhi

Britney Spears, Backstreet Boys, Katy Perry, Taylor Swift na The Weeknd hawafanani kwa sauti, kwa umri wala kwa mashabiki. Kinachowakutanisha ni jina linaloandikwa kwa herufi ndogo kwenye jalada la albamu: Max Martin. Mswidi huyu ametunga, au ameshiriki kutunga, nyimbo zaidi ya 25 zilizoshika nambari moja katika Hot 100, chati kuu ya Marekani inayotolewa na jarida la Billboard tangu 1958. Katika miaka yote hiyo, mtunzi aliyemzidi ni mmoja tu, Paul McCartney wa Beatles.

Ni rahisi kusema kwamba mtu kama huyu amejaliwa kipaji, na mjadala ukaishia hapo. Kipaji anacho. Lakini ukifuatilia alikopitia, utakuta zaidi walimu, karakana na kanuni za kazi zinazoweza kuelezwa.

Kutoka shule ya muziki hadi Cheiron

Jina lake halisi ni Karl Martin Sandberg. Alizaliwa mwaka 1971 na kukulia Stenhamra, nje kidogo ya Stockholm. Uswidi ina shule za muziki zinazoendeshwa na halmashauri, ambako watoto hujifunza ala kwa ada ndogo au bila ada kabisa. Martin alipitia huko, na ukubwani ameishukuru elimu hiyo ya umma kwa kila alichokipata.

Ujanani aliingia kwenye roki nzito, akawa mwimbaji wa bendi ya It's Alive. Bendi haikutamba, ila ilimfikisha Cheiron, studio iliyokuwa katika kisiwa cha Kungsholmen mjini Stockholm. Mkuu wa pale alikuwa Dag Volle, aliyejulikana kama Denniz PoP, di-jei wa zamani ambaye hakuwa mpigaji wa ala. Sikio lake lilikuwa la ukumbi wa dansi: alijua wimbo unainua watu wapi na unawarudisha vitini wapi. Tayari alikuwa ameshaling'arisha kundi la Ace of Base kwa "All That She Wants".

Denniz alimpokea kijana huyu, akamfundisha studio, akampa hata jina. Martin alikuta "Max Martin" limekwisha kuchapwa kwenye rekodi bila yeye kuulizwa. Mwanafunzi alikuja na mahadhi na nadharia ya muziki. Mwalimu alikuwa na mdundo, pamoja na ujasiri wa kukata kila kisichohitajika. Mwaka 1995 Backstreet Boys, vijana wa Florida ambao kwao walikuwa bado hawajulikani, walisafiri hadi Cheiron kurekodi.

Hesabu yenyewe

Namna yao ya kutunga imekuja kuitwa hesabu ya mahadhi. Kanuni ya kwanza ni kwamba mahadhi hutangulia na maneno hufuata. Sauti zisizo na maana huimbwa mpaka upatikane mstari unaonasa, kisha hutafutwa maneno yanayoukaa: idadi ya silabi inalingana na ya mstari mwenzake, na mkazo unaangukia palepale. Aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili ataitambua mizani mara moja. Tofauti ni kwamba malenga hataki kupoteza maana ili atimize mizani. Martin yuko tayari.

Ushahidi ni "I Want It That Way" ya mwaka 1999. Kimantiki, kiitikio na beti zake havipatani. Backstreet Boys walirekodi hata toleo jingine lenye maneno yaliyonyooka, kisha wakaliweka kando. Toleo lisiloeleweka ndilo lililovuma duniani, kwa kuwa irabu zake ziliifaa sauti.

Kanuni ya pili ni mizania. Ubeti ukijaa maneno ya mbio, kiitikio hupewa noti ndefu ili sikio lipumue. "Shake It Off" ya Taylor Swift, ya mwaka 2014, inazungusha kodi (chord) tatu tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ufundi wote umeachiwa sauti na ngoma. Ya tatu ni marudio yaliyofichwa, ambayo Martin anasema alijifunza kwa Prince: ubeti na kiitikio vinaweza kutumia mahadhi yaleyale, nguvu ikiongezwa tu. Kiitikio kinapoingia kwa mara ya kwanza, msikilizaji huhisi anakijua.

Kanuni hizo zilizaa "...Baby One More Time". Kundi la TLC liliukataa wimbo huo. Britney Spears, akiwa na miaka 16, akaurekodi Cheiron mwaka 1998. Januari 1999 ulishika nambari moja Marekani. Denniz hakuuona ushindi huo: saratani ilimuua Agosti 1998, akiwa na miaka 35.

Kuacha kinachouza

Cheiron ilifungwa mwaka 2000, wakati mlio wake ulikuwa umeshaigwa kila mahali. Wengi wangeng'ang'ania. Martin alirudi kusikiliza wengine. Mwaka 2004, akiwa na mtayarishaji Dr. Luke, alichukua magitaa ya roki ya vilabuni na kuyawekea kiitikio kikubwa cha pop. Kelly Clarkson akaimba "Since U Been Gone". Albamu ya Katy Perry ya 2010, Teenage Dream, ilitoa nyimbo tano za nambari moja, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limefanywa na Michael Jackson peke yake kwa albamu ya Bad. Nne kati ya hizo tano zina mkono wa Martin.

Kila alipobadili mlio, alikuwa na mtu mwenye sikio jipya. Kwa Taylor Swift alifanya kazi na Shellback, kijana aliyetoka kwenye muziki wa metali. "Blinding Lights" ya The Weeknd, iliyotoka 2019 na kutajwa na Billboard mwaka 2021 kuwa wimbo uliofanikiwa kuliko wote katika historia ya Hot 100, aliitayarisha pamoja na Oscar Holter, Mswidi mwenzake.

Kwa hiyo anayetaka kuiga mafanikio ya Uswidi asianze kwa kumsaka Max Martin wake. Aanze na mwalimu wa ala katika shule ya halmashauri, kisha atafute studio ambamo mkongwe yuko tayari kumfundisha anayeingia. Martin alipata vyote viwili kabla hajatunga wimbo wowote uliovuma, na tangu Denniz alipofariki, nafasi ya mkongwe ameishika yeye.