Matokeo ya Vancouver, 1996: Kutoka Jukwaa la Wanasayansi hadi Istilahi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi
Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mipaka ya matokeo ya utafiti wa tiba yaliyowasilishwa mbele ya wanataaluma inavyoweza kuhifadhiwa, au kupotea, matokeo hayo yanapoingia katika lugha ya umma. Mfano uliochaguliwa ni Mkutano wa 11 wa Kimataifa kuhusu UKIMWI, uliofanyika Vancouver, Kanada, Julai 1996.

2.0 Yaliyowasilishwa
Mawasilisho makuu ya mkutano huo yalitegemeana. John Mellors alionyesha kwamba wingi wa virusi katika damu hubashiri kasi ya ugonjwa. Hivyo, kilipatikana kigezo cha kupimia nguvu ya dawa. Utafiti wa David Ho na wenzake ulikuwa umekadiria kwamba katika mwili wa mgonjwa asiyetibiwa huzalishwa virusi wapatao bilioni 10 kila siku. Kwa kasi hiyo, dawa moja pekee hukabiliwa upesi na virusi waliobadilika na kuwa sugu. Naye Roy Gulick aliwasilisha jaribio la indinaviri, zidovudini na lamivudini zikitumiwa kwa pamoja. Jaribio hilo, lililochapishwa kwa ukamilifu 1997, lilihusu wagonjwa 97. Baada ya wiki 24, asilimia 90 ya waliotumia dawa zote tatu walikuwa na kiwango cha virusi kilicho chini ya nakala 500 kwa mililita.

3.0 Mipaka ya Matokeo
Kilichothibitishwa ni kwamba virusi walishuka chini ya uwezo wa kipimo. Kutoonekana kwa kipimo si sawa na kutokuwepo mwilini. Hata hivyo, Ho alikuwa ametoa hoja ya kihisabati kwamba huenda miaka michache ya matibabu ingetosha kuwamaliza virusi kabisa. Mwaka 1997 watafiti kadhaa, wakiwemo wa maabara ya Robert Siliciano, walibainisha kwamba virusi hujificha katika seli za kinga zilizotulia, hata kwa mgonjwa anayetumia dawa barabara. Akiacha dawa, kwa kawaida virusi huzaliana upya.

4.0 Suala la Istilahi
Hapa ndipo lugha inapohusika. Katika Kiswahili, neno “tiba” hubeba maana mbili: kumhudumia mgonjwa na kumponya. Aidha, msikilizaji aliyezoea “dawa ya malaria” ana haki ya kuielewa “dawa ya UKIMWI” kuwa ni dawa inayoondoa ugonjwa. Utata huo si wa kinadharia tu, kwani anayeamini kuwa amepona ana sababu ya kuacha vidonge.

Istilahi “dawa za kufubaza virusi”, pamoja na “dawa za kupunguza makali”, huepuka utata huo. Kufubaza ni kudhoofisha, si kuangamiza. Na kisu kilichopunguzwa makali bado ni kisu, kwani chaweza kunolewa tena. Mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo Tanzania ulianza 2004, miaka minane baada ya Vancouver.

5.0 Hitimisho
Inadhihirika kwamba uwasilishaji wa matokeo ya kisayansi haukomei jukwaani. Mwanaistilahi huyawasilisha upya kwa hadhira ambayo uhai wake unategemea matokeo hayo. Kwa hiyo istilahi haina budi kupimwa si kwa ufupi na ufasaha tu, bali pia kwa uaminifu wake kwa kile kilichothibitishwa.