Landrova ya jeshi mikononi mwa raia

Wauzaji wa magari ya jeshi yaliyokwisha kustaafu ni watu wenye maneno matamu. Watakusifia unene wa fremu, uimara wa springi, na jinsi gari lao linavyopanda kilima ambacho mbuzi mwenyewe hukipanda kwa kusitasita. Jambo moja hawalitaji kamwe: kwamba gari hilo lilikuwa na kazi kabla ya kuwa lako, na kwamba wako watu waliolijua likiwa kazini.

Nalisema hili kwa kuwa ninamiliki gari la namna hiyo. Ni Landrova ya Series III, ile ndefu ya inchi 109 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, niliyoinunua mwaka 2013 kutoka kwa mfanyabiashara aliyeipata mnadani. Msomaji atauliza mhadhiri wa isimu ana haja gani na gari la askari. Nilikuwa nikikusanya data ya lugha ya Kisabaot katika miteremko ya Mlima Elgon, na yeyote aliyewahi kupanda kutoka Kapsokwony kuelekea msituni wakati wa masika anajua kwamba udongo wa huko ukishalowa hauheshimu shahada ya mtu. Magari mapya ya kazi hiyo yalinishinda kwa bei. Kuagiza kuukuu kutoka ng'ambo hakukuwezekana, maana kanuni zetu huzuia magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Likabaki lile la mnadani.

Nakiri kwamba nililipenda. Umeme wake ni wa volti 24 badala ya 12, kwa ajili ya mitambo ya redio, hivyo balbu ikiungua siendi kwenye maduka ya magari madogo bali kwa wauza vipuri vya malori. Chini kabisa, nyuma, kuna taa ndogo inayomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe. Wanangu walipoiona waliuliza inamulika nini. Inamulika gari lenyewe, niliwaambia: msafara wa jeshi ukienda usiku bila taa za mbele, dereva anayefuata huona weupe ule tu, naye adui haoni kitu.

Historia yake nayo ina kichekesho ndani yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na gari kuukuu la jeshi la Marekani, Jeep, alilolitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey. Lilipoanza kuchakaa akajiuliza atapata wapi jingine. Mwaka 1947 yeye na wenzake wakaunda gari la majaribio juu ya fremu ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ya kwanza ikaonyeshwa Amsterdam. Chuma kilikuwa adimu, wakatumia aluminiamu. Rangi ya kijani ilikuwa masalio ya viwanda vya ndege za kivita. Gari la mkulima, basi, lilizaliwa na gari la jeshi lililonunuliwa na raia. Haukupita muda, jeshi la Uingereza likaanza kulinunua hilo la mkulima. Tangu hapo limekuwa likivuka mpaka huo huku na huko, na langu ni mojawapo tu ya yaliyovuka.

Kuliendesha nje ya barabara ni elimu ya peke yake, nayo huanza kwa kuacha haraka. Kuna kitufe cha manjano unachokikandamiza ili magurudumu yote manne yavute, na mkono wenye kichwa chekundu unaoingiza gia za chini. Mwanafunzi wa kwanza hufikiri tope hushindwa kwa nguvu. Hukanyaga mafuta, tairi zikazunguka, zikachimba, gari likalala kwa tumbo. Mimi pia nililala hivyo, na walionichimbua kwa majembe hawakunicheka usoni. Siku hizi napunguza upepo wa tairi kutoka 35 hadi 18 ili zikanyage kwa upana, natia gia ya pili ya chini kabla ya kuingia topeni, kisha naliacha gari litembee lenyewe bila kugusa klachi. Kwenye mteremko natia gia ya kwanza na kuondoa mguu kwenye breki. Injini ndiyo inayoshika. Petroli inalinywa kama ngamia aliyevuka jangwa. Kilomita 6 kwa lita moja ni siku njema.

Safari yangu ya kwanza mlimani ilikuwa Aprili 2014. Tope nililishinda. Nilipotokeza kwenye kijiji cha kwanza, watoto waliokuwa wakicheza njiani walitumbukia ndani ya mahindi. Mlango mmoja ukafungwa, kisha mwingine. Mzee mmoja alitoka uani akiwa ameitanguliza mikono yake mbele, vitanga wazi, akasimama hivyo hadi nilipozima injini na kushuka. Nilimwamkia. Alinitazama viatu.

Ajuza mmoja hakuwa amekimbia, pengine kwa sababu magoti hayakumruhusu. Mkononi nilikuwa nimeshika orodha yangu ya maneno 200, ile ambayo kila mwanaisimu hutembea nayo: jicho, maji, moto, mama. Aliitazama karatasi ile, akaniuliza kwa Kiswahili: "Umekuja na majina ya nani?"

Sikumwelewa. Siku mbili nzima nilipata majibu ya neno moja moja kutoka kwa watu ambao, niliambiwa, ni wasimulizi hodari. Kijana aliyekuwa akinisaidia ndiye aliyenieleza, tena kwa aibu, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kati ya 2006 na 2008 eneo hilo liliteswa na kundi la wapiganaji la SLDF, lililozuka kutokana na mzozo wa ardhi ya Chepyuk. Waliua na kukata watu masikio. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na wengi waliwapokea askari kwa shukrani. Kisha wanaume wakakusanywa kijiji baada ya kijiji, wakapelekwa kambini Kapkota kuchunguzwa. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti mateso, na wako waliopelekwa ambao hadi leo jamaa zao hawajui walipo. Magari yaliyowachukua yalikuwa ya kijani, na orodha za majina zilikuwapo. Miaka 6 baadaye nikatokea mimi, na gari langu, na karatasi yangu.

Waswahili husema aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwa miaka kadhaa kwamba maana ya ishara haimo mikononi mwa anayeitoa peke yake. Tunalo neno karandinga. Mjini wengine husema mariamu. Hakuna ayatamkaye maneno hayo akifikiria injini na matairi. Yote hayo niliyajua, nikayafundisha, nikayatungia mitihani, lakini haikunipitikia hata kidogo kwamba niliponunua lile gari nilinunua pia neno.

Nilirudi Nairobi nikalipaka rangi ya samawati. Niling'oa vishikio vya madebe ya petroli na ndoano za turubai. Wako wenzangu wanaomiliki magari kama haya, watu wema, ambao huyapeleka Magadi siku za Jumapili yakiwa na kijani chake kile kile. Mmoja alishika kichwa, akaniambia nimeua nusu ya thamani ya gari. Labda ni kweli. Sina ugomvi na Magadi, wala simwoni mwenye kupenda kijani kuwa mtu mbaya. Lakini nchi hii ina sehemu nyingi ambazo watu wake walionana na serikali kwa mara ya kwanza ikiwa ndani ya gari la aina hiyo, na dereva wa Jumapili hana budi kuuliza kabla hajakata kona.

Sasa likipanda mlimani hurudi na magunia ya vitunguu hadi sokoni, na watoto hupigania kukaa nyuma. Orodha yangu ilikamilika mwaka 2016. Yule mzee wa mikono mbele amekuwa mwalimu wangu mkali zaidi wa toni za Kisabaot, na hunisahihisha mbele ya watu bila huruma. Yule ajuza nimempa lifti mara nyingi, naye hukataa kila mara kwa upole. Hunisalimia, huniuliza habari za watoto, kisha hupita kando ya gari akishika njia yake kwa miguu, wala halitazami.