Mti Kung'oka: Mizizi, Udongo na Maji

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya ardhi, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa inkangu, yaliua watu zaidi ya 130. Hapa Kigali nako, wakazi wa bonde la Nyabugogo wanajua jinsi maji yanavyojaa masika yakikolea. Baada ya mvua za namna hiyo mti mkubwa huweza kukutwa umelala, mizizi iko hewani, na watu wakasema umeangushwa na upepo. Maelezo hayo ni nusu tu.

Tuanze na lugha. Kiswahili hutenganisha mti uliovunjika na mti uliong'oka. Uliovunjika umekatika shina, mizizi ikabaki ardhini. Uliong'oka umetoka pamoja na mizizi yake; Kinyarwanda husema kuranduka. Wa kwanza, kasoro tuitafute kwenye shina. Wa pili, tuitafute ardhini.

Mti hushikiliwa na mambo manne. Kwanza, mizizi ya upande unakotoka upepo, ambayo huvutwa kama kamba za hema. Pili, uzito wa mizizi pamoja na udongo ulioishikilia. Tatu, mizizi ya upande wa pili, ambayo hukataa kupinda. Nne, nguvu ya udongo wenyewe kushikamana. Katika miaka ya 1980, watafiti wa misitu huko Scotland waliivuta miti kwa kamba mpaka ikang'oka, wakaona kwamba ile mizizi inayovutwa ndiyo iliyobeba kazi kubwa kuliko yote.

Je, maji hufanya nini? Chembe za udongo husimama imara kwa sababu zinasuguana na kubanana. Maji yakijaza nafasi zilizo kati yake, huzisukuma zisibanane, nazo huanza kuteleza. Kwa hiyo mti uleule, kwa upepo uleule, huweza kusimama wakati wa kiangazi na kung'oka wakati wa masika.

Maji yakituama kwa muda mrefu huleta madhara mengine. Mizizi huhitaji hewa. Ikiikosa, mingi hufa na kuoza. Ndiyo maana miti mingi iliyokulia mahali chepechepe hutandaza mizizi juujuu tu. Kando ya mto, maji yaendayo kasi hula ukingo na kuiacha mizizi bila udongo.

Milimani hali ni tofauti kidogo. Mizizi hufunga tabaka la juu la udongo, na hiyo ni sababu mojawapo nzuri ya kupanda miti siku ya umuganda. Lakini mteremko ukikatika chini zaidi ya pale mizizi ilipofika, miti husafiri pamoja na ardhi. Aidha, anayekata mizizi ili achimbe mtaro au msingi wa nyumba amekata zile kamba za hema. Huenda mti usianguke siku hiyo, utangoja mvua.

Dalili za hatari ni hizi: ufa kwenye ardhi kuzunguka shina, udongo ulioinuka upande mmoja, na mti ulioanza kuinama hivi karibuni. Ukiziona, usijikinge mvua chini ya mti huo, waondoe watoto karibu nao, na uwaarifu viongozi wa mudugudu.

Kwa walimu: Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017, nacho kina maneno ya kuelezea elimu hii. Wape wanafunzi vitenzi kung'oka, kuvunjika, kuporomoka, kutuama na kushikamana, kisha waeleze mti mmoja wanaoupita kila siku: umesimama kwenye udongo gani, na maji ya mvua huelekea wapi?