Shingo iliyokauka: mutu akianguka, musimunyooshe

Tangu siku za makaa ya Luena, watu wa Bukama wanajua maumivu ya mugongo. Ile ya kazi inapunguka mutu akipumzika. Lakini kuko ingine: kijana anaumwa kiuno zaidi ya miezi tatu, maumivu inamuamusha usiku, asubuhi anakauka zaidi ya nusu saa, kisha akitembea anasikia afadhali. Wanganga wanaita ugonjwa huu spondilatriti ankilozanti. Kwetu Waafrika ni wa nadra kuliko kwa Wazungu, ndiyo maana unasahauliwa haraka.

Pole pole mifupa ya mugongo inaungana, inakuwa sawa mufupa moja tu. Shingo haigeuki tena. Kwa wengine kidevu kinashuka mpaka karibu na kifua, hawaoni njia mbele yao. Mufupa ule unaonekana mugumu, lakini unavunjika sawa chaki, hata kwa kuteleza kidogo ndani ya nyumba. Mara nyingi unavunjikia chini ya shingo, na mutu anaweza kupooza mikono na miguu.

Shingo ikivunjika, wapasuaji wanaifunga na vyuma na visi, mifupa mingi juu na chini ya pahali palipovunjika, juu mugongo uliokauka unavuta sawa baramina. Operesheni ya pili ni ya kuinua kidevu. Urist, munganga wa Marekani, aliandika juu yake mwaka 1958. Simmons akaielezea tena mwaka 1972. Mugonjwa alikaa kwa kiti, macho wazi, na dawa ya ganzi, ili aseme na kuchezesha miguu wakati wanakata. Wanakata pale shingo inakutana na kifua, juu njia ya mishipa ni pana pale. Hatari ni kubwa. Wanafanyia tu mutu asiyeweza tena kuona mbele ao kula vizuri.

Kazi hii inaomba skaneri na wapasuaji wa mugongo. Kutoka Bukama mpaka Lubumbashi ni safari ndefu, kwa hiyo maisha ya mugonjwa inaanzia mikononi mwetu. Mutu wa shingo iliyokauka akianguka, tumuhesabu kama amevunjika, hata akisimama mwenyewe. Tusivute shingo, tusiikande. Kichwa kibakie vile kilikuwa kimepinda mbele ya kuanguka. Tuweke manguo iliyokunjwa chini yake, tumuinue watu wengi pamoja, juu ya ubao. Radio ikionyesha hakuna kitu, tuombe skaneri.

Na mbele ya operesheni yoyote, hata ya tumbo, tuambie munganga wa kulalisha: shingo haipinduki. Bila hiyo, kuingiza mupira wa pumzi kunaweza kumuvunja.

Wenye wangali vijana, waende mapema kwa munganga. Atatazama pia kama si kifua kikuu cha mugongo. Dawa za maumivu anazoandika, mazoezi ya kila siku na kuacha tumbako vinasaidia mugongo usikauke haraka.