TUMBO LINASOKOTA, LABO HAIONI KITU



Egzame ya Serikali ikikaribia, katika darasa hakukosi mutu wa kuinua mkono kila saa: «Bwana mwalimu, naomba kutoka.» Wengine wanacheka. Wengine wanasema anakimbia hesabu, ao anakwenda kusoma vikaratasi chooni. Nyumbani mama anasema ni minyoo, jirani anasema amerogwa. Tumeona vema kueleza hapa ugonjwa ambao waganga wanauita kwa Kifaransa koloni iritable, ni kusema matumbo mepesi kukasirika.

Matumbo yanasukuma chakula kwa kujikaza na kujilegeza, pasipo sisi kuyaamuru. Lakini mishipa ya fahamu inayaunganisha na bongo usiku na mchana, njo maana mutu akiogopa anasikia tumbo linamkatika. Kwa mwenye koloni, mapatano hayo yameharibika. Mara matumbo yanakwenda mbio na anaharisha, mara yanakawia na choo kinakuwa kigumu kama cha mbuzi. Hata hewa kidogo, ambayo mwingine hasikii kabisa, yeye inamuuma. Munganga akitazama ndani haoni kidonda. Lakini maumivu ni ya kweli, si ya kujifanyiza.

Waganga wamepatana mwaka 2016 namna ya kuutambua: tumbo liume walau siku 1 kila juma kwa miezi 3, nao uwe umeanza tangu miezi 6 ao zaidi, na maumivu yafuatane na mambo mawili ao zaidi kati ya haya: kwenda choo, choo kubadilika hesabu, na choo kubadilika sura yake.

Zamani ilisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Munganga Denis Burkitt, aliyepasua wagonjwa Uganda tangu 1946 mpaka 1966, aliandika na wenzake mwaka 1972 kwamba chakula cha mutu wa kijiji Afrika kinapita tumboni kwa siku moja na nusu hivi, na cha Mwingereza karibu siku tatu, ju Mwingereza anakula vyakula visivyo na nyuzi. Jambo hilo lilifundisha wengi. Lakini kula sombe hakumkingi mutu na koloni: mwaka 2002 waganga wa Kenya waliandika juu ya wagonjwa Waafrika wenye ugonjwa huu huu.

Hata hivyo, sisi wa Mikelenge tusikimbilie kusema koloni. Tunakaa kando ya Lualaba, na kwetu amiba na minyoo ni vya kila siku. Kuna tena bilharzia ya matumbo: ile ya namna ya peke yake ilielezwa mwaka 1934 na munganga Fisher wa misioni ya Kiprotestanti ya Yakusu, karibu na Kisangani, kwenye mto huu huu wetu. Kwa hiyo kwanza choo kipimwe labo. Na kuharisha kwa microbe kunaweza kuacha alama: karibu mutu 1 katika 10 anabaki na matumbo yenye hasira, hata kama microbe wamekwisha kufa. Huyu njo anayeteseka sana, ju kila tumbo likimuuma ananunua tena metronidazoli kwenye duka la dawa. Amiba hawako tena, dawa inaua nini? Feza inakwisha, na mdomo unabaki na uchungu kama chuma.

Lakini mwenye damu katika choo, homa, kukonda, kukosa damu mwilini, ao kuamshwa usiku na kuharisha, aende kwa munganga upesi. Hizo si alama za koloni.

Dawa ya kuufuta hakuna, kuutuliza kunawezekana. Jambo kubwa kwa wanafunzi ni saa ya kula. Mutu anatoka asubuhi pasipo kitu, saa nane anajaza bukari na pili-pili nyingi: matumbo yatanyamaza namna gani? Afadhali kidogo kidogo. Maharagi yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Papai na viazi vinasaidia mwenye choo kigumu, lakini pumba ngumu zinaweza kuzidisha maumivu. Tuandike majuma mawili tulichokula na namna tumbo lilivyoitika, tujue adui ni nani. Kwa mwingine ni pili-pili, kwa mwingine ni maharagi. Kutembea kwa miguu ni kuzuri, na kulala pia. Wale wanaosoma mpaka jogoo kuwika, tumbo linawadai. Munganga anaweza kutoa dawa ya kulegeza matumbo yaliyokazana, ao mafuta ya nanaa.

Waalimu wetu, tunaomba neno moja. Mwenye ugonjwa huu akijua kwamba atakatazwa kutoka, woga peke yake unamsokota. Akijua mlango uko wazi, mara nyingi hatoki hata. Sisi makapita tumepatana kwamba benchi la karibu na mlango liachwe kwa wenye shida. Mwenye kulihitaji amwambie kapita wa darasa lake, hataulizwa sababu.